Dhana, Yakini na Hisabu

Wazazi wengi wa kwetu pwani hushituka wanapofungua daftari la hisabu la mtoto anayesoma sekondari. Humo huzikuta hisabu za dado inayorushwa, sarafu inayotupwa juu, na karata zinazochanganywa. Baba hunung'unika: "Hii ni skuli au ni nyumba ya kamari?" Na bibi aliyekaa pembeni huongeza la kwake: "Yatakayokuja anayajua Mungu peke yake. Vipi binadamu ayapigie hisabu?"

Maswali haya mawili ni ya haki, wala haifai kuwacheka wanaoyauliza. La kwanza ni la halali na haramu, na la pili ni la itikadi. Tutayajibu yote mawili kwa ufupi, Inshallah, kisha tufike kwenye jambo la tatu, ambalo kwa maoni yetu ni kubwa kuliko hayo. Masomo ya mwanzo ya elimu hii ya uwezekano, ambayo Waarabu huiita ilmul-ihtimalat, yamebeba funzo la uadilifu ambalo majumba yetu yanalihitaji sana. Funzo lenyewe ni kwamba mtu asiipe dhana daraja ya yakini, na hasa pale ambapo heshima ya mwenziwe iko hatarini.

JE, NI KUINGILIA GHAIBU?

Tuanze na swali la bibi. Dado ina pande sita. Mwalimu anapomwambia mtoto kwamba uwezekano wa kuangukia upande wa tatu ni moja katika sita, je, amedai kwamba anajua itaangukia wapi? La, hasha. Amekiri kwamba hajui! Lau angelijua asingelisema moja katika sita. Angelisema "tatu" na mambo yakaisha. Kwa hivyo ile moja katika sita si habari ya ghaibu. Ni kipimo cha kutojua kwetu, na mwenye kupima kutojua kwake amekwisha kukubali kwamba yuko Ajuaye.

Mwishoni mwa Sura ya Luqman Mwenyezi Mungu ametaja mambo ambayo ujuzi wake uko Kwake, na miongoni mwayo ni kwamba hapana nafsi ijuayo itachuma nini kesho. Hayo tunayaamini bila ya shaka. Hata hivyo nahodha wa jahazi hangoi nanga kwenda Arabuni wakati wa kaskazi, bali hungoja kusi limpeleke. Wala hakuna aliyemwambia kuwa amekufuru kwa kutazama pepo zilivyozoea kuvuma na kufanya kazi kwa mazoea hayo. Na Bwana Mtume (S.A.W.) alimfundisha bedui amfunge kwanza ngamia wake, kisha amtegemee Mungu. Kumfunga ngamia ni kukiri kwamba ngamia asiyefungwa ana uwezekano mkubwa zaidi wa kupotea. Hisabu za watoto wetu ni namna ya kuipima kamba hiyo.

Wala Waislamu si wageni wa hisabu za aina hii. Al-Kindi, mwanachuoni wa Baghdad wa karne ya tisa ya Miladi, alionyesha kwamba maandishi ya siri yaweza kufumbuliwa kwa kuhesabu ni herufi gani inayojirudia mara nyingi na ipi mara chache. Hii ni takwimu hasa: kuhesabu yaliyo mengi ili kupata njia ya kulijua lililofichika. Na Al-Khwarizmi, aliyeishi Baghdad karne hiyo hiyo na kuandika kitabu cha aljebra, alitenga sehemu kubwa ya kitabu chake kwa masuala ya wasia na mirathi, kwani hisabu kwao ilikuwa ni mtumishi wa haki.

JE, NI KAMARI?

Sasa tumjibu baba. Ni kweli kwamba elimu ya uwezekano, kwa sura yake ya leo, ilipata nguvu kutokana na maswali ya wacheza kamari. Mwaka 1654 Wafaransa wawili, Pascal na Fermat, waliandikiana barua juu ya swali moja. Watu wawili wanacheza, kila mmoja ametoa sarafu 32, jumla 64, na atakayetangulia kushinda mara tatu huchukua zote. Mmoja amekwisha kushinda mara mbili, mwenziwe mara moja, kisha mchezo ukakatizwa. Zile sarafu zigawanywe vipi?

Wako watakaosema zigawanywe nusu kwa nusu, na wako watakaosema achukue zote aliyetangulia. Pascal alijibu hivi. Tazameni lau wangelicheza mara moja zaidi. Akishinda wa kwanza, zote 64 ni zake. Akishinda wa pili, wamekuwa sawa, mbili kwa mbili, na kila mmoja anastahiki 32. Basi wa kwanza ana 32 kwa hali yoyote itakayokuwa, na zile 32 zilizobakia ni nusu yake na nusu ya mwenziwe. Kwa hivyo wa kwanza apewe 48, na wa pili 16.

Msomaji aliyewahi kukaa mbele ya maalim wa faraidh ataijua harufu ya hisabu hii. Ni kugawanya mali kwa mizani pasina kufuata matamanio ya mtu. Kamari ni haramu, na Mwenyezi Mungu ameieleza katika Sura ya Al-Maida kuwa ni uchafu wa kazi ya shetani. Lakini kilichoharamishwa ni kamari. Kuhesabu pande za dado katika daftari hakukuharamishwa. Tabibu husoma habari za sumu asinywe, na awazuie wengine wasinywe.

Na hapa pana faida ambayo baba hakuitaraji. Hakuna somo la skuli linaloifedhehi kamari kama hili. Vijana wetu leo hawaendi tena kwenye majumba ya kamari. Kamari imewafuata mifukoni mwao, ndani ya simu. Kijana hukusanya mechi kumi katika mkeka mmoja na kusema: "Hizi zote nina uhakika nazo." Mpe kalamu. Tuseme katika kila mechi ana uwezekano wa sita katika kumi wa kupatia, na huyo ni hodari. Ili mkeka upite lazima apatie zote kumi, kwa hivyo azidishe sita ya kumi kwa sita ya kumi, mara kumi. Ataona mwenyewe kwamba imebakia kama sita katika elfu. Yaani katika mikeka elfu moja, mikeka 994 hivi inachanika. Na mwenye kampuni amekwisha kuipiga hisabu hiyo kabla yake, akapanga malipo yawe chini ya kile ambacho hatari ile inastahiki. Qur'ani, katika Sura ya Al-Baqara, imetaja kwamba katika ulevi na kamari mna dhambi kubwa na mna manufaa kwa watu, lakini dhambi yake ni kubwa kuliko manufaa yake. Kijana ajuaye kuhesabu huona kwa macho yake kwamba hata hayo manufaa, kwake yeye, ni mvuke.

MTOTO WA TANO

Tuje sasa kwenye majumba yetu wenyewe.

Mke amezaa wasichana wanne. Mume anasema, "Wa tano lazima awe mwanamume, zamu yake imefika." Akizaliwa msichana wa tano, maneno huanza. Mama mkwe hununa. Jirani husema mke huyu ana jambo. Ziko ndoa zilizovunjika kwa sababu hii, na wanawake waliorudishwa kwao wakilia.

Mtoto wa sekondari aliyesoma vizuri angeliweza kuinusuru ndoa hiyo kwa mistari minne. Kila uzazi, uwezekano ni karibu nusu kwa nusu. Uzazi wa tano haukumbuki minne iliyotangulia, kama vile sarafu isivyokumbuka iliangukia upande gani mara ya mwisho. Hapana "zamu". Kisha tazama: nusu ya nusu ni robo, nusu ya robo ni moja katika nane, na nusu yake tena ni moja katika kumi na sita. Basi miongoni mwa nyumba kumi na sita zenye watoto wanne wanne, nyumba moja kwa wastani itakuwa na wasichana watupu. Ukihesabu nyumba za mtaa mzima utazipata kadhaa. Jambo linalopatikana katika kila mtaa haliwi laana wala haliwi aibu ya mwanamke! Zaidi ya hayo, matabibu wameeleza kwamba mbegu ya baba ndiyo inayopambanua mwanamume na mwanamke. Na kabla ya matabibu, Qur'ani katika Sura ya Ash-Shura imeeleza kwamba Mwenyezi Mungu humpa amtakaye wasichana, na amtakaye wavulana, na wengine huwachanganyia, na wengine huwafanya tasa. Hisabu na aya zimekutana mahali pamoja: asiyekuwa na kosa asitwishwe kosa.

MIONGONI MWA WANGAPI?

Sasa tufike kwenye swali ambalo kila mwanafunzi wa elimu hii hufundishwa alipoanza, na ambalo watu wazima wengi hulisahau. Swali hilo ni: miongoni mwa wangapi?

Chukua mfano. Katika mji wa watu elfu moja umetokea wizi, na mwizi ni mmoja. Tuseme pamepatikana chombo cha kumjua mwizi, na chombo hicho ni kizuri kweli: katika kila watu mia hukosea kwa mmoja tu. Watu wote wakapitishwa mbele yake, na chombo kikamlilia Fulani. Je, Fulani ni mwizi? Wengi watajibu haraka: "Bila ya shaka, chombo hakikosei ila moja katika mia."

Haya, tuhesabu. Mwizi ni mmoja, na chombo takriban kitamnasa. Waliobaki ni watu 999 wasio na hatia. Chombo kikikosea kwa mmoja katika kila mia, kitawalilia watu kumi hivi miongoni mwao. Basi waliotajwa na chombo ni watu kumi na mmoja, na mwizi miongoni mwao ni mmoja tu. Huyo Fulani, ikiwa hapana ushahidi mwingine juu yake, ana uwezekano wa kumi katika kumi na moja kuwa hana hatia!

Ndugu msomaji, soma tena maneno hayo polepole. Chombo hakikusema uwongo. Aliyekosea ni mtu aliyeligeuza neno. Alisikia kwamba "asiye na hatia ni nadra kutajwa", akafahamu kwamba "aliyetajwa ni nadra kuwa hana hatia". Maneno haya mawili yanafanana kwa sauti, lakini hisabu zake ni mbalimbali kama mashariki na magharibi.

Na ikiwa chombo cha namna hiyo chatutia katika dhulma, tusemeje juu ya ramli? Kitu kimepotea nyumbani, anaitwa mpiga bao, anataja "mtu mfupi, mweupe wa rangi, anaingia na kutoka humu," na jioni ile ile mtumishi maskini anafukuzwa. Kwenda kwa mpiga ramli na kumsadiki ni jambo tulilokatazwa katika dini kwa makatazo makali. Lakini hata asiyejali katazo hilo na atazame hisabu. Watu wafupi, weupe, wanaoingia na kutoka ni wangapi? Na yule aliyemsingizia atamlipa kwa nini Siku ya Kiyama, siku ambayo hapana dinari wala dirham?

Basi tunafahamu vyema zaidi kwa nini katika Sura ya Al-Hujurat Waumini wameamrishwa wajiepushe na dhana nyingi, kwa kuwa baadhi ya dhana ni dhambi. Na tunafahamu kwa nini wanavyuoni wa fikihi wakaweka kanuni kwamba adhabu za hadi huzuiliwa pakiwapo shubuha, na kwamba yakini haiondoshwi na shaka. Asili ya mtu ni kuwa hana hatia. Hiyo ndiyo yakini tuliyoanza nayo, na haing'olewi kwa upepo wa dhana.

MAMA WA UINGEREZA

Asidhani mtu kwamba makosa haya ni ya wasiosoma. Yamefanywa na wasomi wakubwa, katika nchi yenye vyuo vikuu vya karne nyingi, na yamemwangamiza mtu.

Mwezi wa Novemba 1999, mahakama ya Uingereza ilimtia hatiani mama mmoja, mwenyewe mwanasheria kwa kazi yake, kwa kuwaua wanawe wawili wachanga. Wa kwanza alifariki mwaka 1996 na wa pili mwaka 1998. Mama alikana tangu siku ya kwanza. Profesa mmoja, bingwa wa maradhi ya watoto, alitoa ushahidi kwamba katika kaya za namna ile, uwezekano wa mtoto mchanga kufariki ghafla bila ya sababu kujulikana ni mmoja katika 8,543. Akazidisha idadi hiyo kwa idadi hiyo hiyo, akapata moja katika milioni 73. Jawabu ile iliyatikisa masikio ya watu. Mama akahukumiwa kifungo cha maisha, na rufaa yake ya mwanzo mwaka 2000 ikakataliwa.

Kosa lilikuwa wapi? Yalikuwa makosa mawili, na yote ni ya masomo ya mwanzo kabisa. La kwanza, kuzidisha kwa njia ile hufaa tu pale ambapo mambo mawili hayahusiani, kama dado mbili zilizorushwa mbalimbali. Lakini watoto wale ni ndugu: tumbo moja, damu moja, nyumba moja. Kama liko jambo katika maumbile yao au katika nyumba yao lililomdhuru wa kwanza, linaweza kumdhuru wa pili pia. La pili ni lile la chombo na mwizi: waliligeuza neno. Vifo viwili vya ghafla katika nyumba moja ni nadra, naam. Lakini mama kuwaua wanawe wawili pia ni nadra sana. Ilipasa kuzilinganisha nadra mbili hizo, ipi nyepesi na ipi nzito. Haikufaa kuitaja moja na kuinyamazia ya pili.

Ilikuwa Oktoba 2001 ndipo Jumuiya ya Kifalme ya Wanatakwimu ya nchi ile ilipotangaza hadharani kwamba idadi ile haikuwa na msingi wa kitakwimu. Januari 2003 mama aliachiwa huru. Sababu kubwa ilikuwa ni kugundulika kwamba matokeo ya vipimo vya maabara vya mtoto wa pili, yaliyoonyesha vijidudu vya maradhi, hayakuwa yamefikishwa kwa watetezi wake. Na majaji wakasema vile vile kwamba takwimu ile haikustahiki kupelekwa mbele ya wazee wa baraza kwa namna ile. Alitoka, lakini hakupona moyo. Alifariki mwaka 2007.

Tazameni basi. Mama aliyefiwa na wanawe wawili, badala ya kupewa rambirambi, alifungwa, na miongoni mwa vilivyomfunga ni hisabu ya kuzidisha iliyowekwa mahali pasipo pake.

WALIVYOFANYA WATU WA HADITHI

Nasi tulikuwa na mizani hii zamani. Wanavyuoni wa hadithi waliligawa lile linalopokewa kwa njia nyingi, linaloitwa mutawatir, na lile la njia chache, linaloitwa ahad. La mutawatir wakalipa yakini, kwa sababu wapokezi ni wengi, wa mahali mbalimbali, na haiwaziki kwamba wote wamepatana juu ya uwongo. Lakini hawakutosheka na kuhesabu vichwa. Walifuata kila njia mpaka mwanzo wake. Wakikuta watu kumi wanasimulia, lakini wote kumi wamesikia kwa mtu mmoja, walisema: hapo pana mpokezi mmoja.

Hilo hasa ndilo kosa la kwanza la mahakama ile. Na ndilo kosa letu sisi katika baraza na katika simu zetu. Habari mbaya ya mtu huja kwa watu kumi. Tunasema, "Kila mtu anasema, haiwezi kuwa uwongo." Fuata njia. Utakuta kumi wale wote wameipata kwa mmoja, na yule mmoja naye aliota au alichukia.

NASAHA

Basi kwa wazazi tunasema: waacheni watoto wasome hisabu hizi, tena wahimizeni. Mwalimu akitaka kuepuka karata na dado, mifano iko tele: mbegu zinazoota na zisizoota, siku za mvua na za jua, samaki wanaoingia demani. Hisabu ni ile ile.

Na kwa sisi watu wazima, ambao hatutarudi tena skuli, tujifunze kutoka kwa watoto maswali matatu, na tuyaulize kabla ya kumhukumu mtu. Swali la kwanza: miongoni mwa wangapi? La pili: je, ushahidi huu na ule ni wawili kweli, au ni mmoja uliovaa kanzu mbili? La tatu: je, nimeligeuza neno, nikaifanya "wezi wengi ni wa namna hii" kuwa "wa namna hii wengi ni wezi"? Atakayeuliza matatu haya, ulimi wake utapungua kazi, na usingizi wake utaongezeka.

Katika Sura ya Al-Israa tumekatazwa kuyafuata tusiyo na ujuzi nayo, na tumeonywa kwamba masikio, macho na moyo, vyote hivyo vitaulizwa. Mtoto anayeandika katika daftari lake "moja katika sita" amejizuilia kusema zaidi ya anachokijua. Na sisi tunaosema "hakika" juu ya heshima za watu, tuna hisabu gani mkononi?

Mwenyezi Mungu atujaalie tusiseme ila tulijualo, na atukinge na dhulma ya kudhulumu na ya kudhulumiwa. Amin.